Gari la Kumpokea Olga

Kantengwa wa Juru alikuwa na tabia moja iliyowachosha majirani: ukimsalimia asubuhi, anaweza kukujibu mchana. Si kiburi, jamani. Ni mtu aliyejaliwa mawazo mengi kuliko miguu. Aliweza kusimama katikati ya shamba lake la maharage, jembe limeegemea bega, macho kayatupa kule ziwa la Nakivale linakong'aa, na hapo hayupo tena Uganda. Yuko kwao milimani, Kivu ya Kusini, ukungu umewafika ng'ombe magotini, na kuna mtu anamwita kwa jina la utotoni. Chakula chake kiliungua jikoni mara nyingi mno. Mumewe, Rwakabuba, akila alikuwa anatikisa kichwa na kusema maharage yasiyoungua hana habari nayo.

Walifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Juru, mwaka 1998, wametembea kwa miguu na kupakiwa kwenye malori, mtoto wao mmoja, Olga, akiwa mabegani mwa baba yake. Huko kwao Rwakabuba alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Hapa alipewa kipande cha ardhi na jembe, akalitazama lile jembe kama mtu aliyeletewa viatu vya mwenzake. Lakini alilishika. Miaka ikapita, akapata ng'ombe mmoja, kisha wa pili, na jioni ungemkuta amekaa karibu nao akiwasimulia mambo ambayo mkewe hakupata kuyasikia.

Mwaka 2005 shangazi ya Olga alipata nafasi ya kwenda Kanada, akamchukua binti huyo. Kantengwa alilia mpaka sauti ikamkauka. Ndivyo alivyo: akilia kweli kweli, koo linafunga, na siku kadhaa anazungumza kama mlango wenye kutu. Baadaye simu za mkononi zikaenea, na Olga akawa anapiga kila jioni. Mwaka 2013 akasema neno lililomfanya mama yake aunguze sufuria nzima: "Mama, nimekata tiketi. Ninakuja. Nataka niwaone nyote wawili mlangoni pa uwanja wa ndege."

Zikiwa zimebaki wiki tatu na siku chache, Rwakabuba akaugua kifua. Wakampeleka hospitali Mbarara, na hakurudi akiwa hai.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Usiku wa msiba haujaisha vizuri, Mutware, mdogo wake marehemu na mzee wa kanisa lao, akamvuta Kantengwa pembeni. "Shemeji," akasema, "habari ya kifo hawaipige simu. Mutu anakalishwa, anakulishwa, njo anaambiwa. Mutoto iko na tiketi mukononi. Ukimwambia leo, atalia mu ndege katikati ya bazungu. Nani atamushika mukono?"

Ndiyo desturi yao, na Kantengwa aliijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Akakubali. Kijiji kizima kikakubali. Lakini hebu fikiria maana yake! Simu italia jioni, na mama lazima ajibu kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Basi kaburini Kantengwa aliuma pindo la kitenge chake, akaziba koo, hakutoa hata mlio. Wanakwaya waliokuja kukaa naye walinong'ona nyimbo za maombolezo badala ya kuziimba, maana huwezi jua simu italia saa ngapi.

Na kweli ilikuwa inalia.

"Baba yuko wapi?"

"Ameenda kunywesha ng'ombe."

Kesho yake: "Na leo?"

"Amelala, mutoto wangu. Amechoka."

Uongo una utamu wake, nawaambia. Kantengwa akishasema Rwakabuba kaenda kunywesha ng'ombe, alikuwa anamwona. Anamwona kabisa, anashuka kwenye njia ya ziwani, fimbo imepita mabegani, mikono imening'inia juu yake. Akikata simu, anakaa kimya akisikiliza, na kuna jioni alisogeza chungu karibu na moto ili jamaa asikute chakula kimepoa. Siku zile alitembea kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto, na ndoto haijakubali kuondoka. Hakuwa mjane bado, wala hakuwa mke tena.

Jambo moja tu ndilo alilolishikilia: Olga asiisikie habari ile kwa mdomo wa mwingine. Aisikie kwake yeye mama, ndani ya nyumba ya baba yake, akiwa ameketi na amekula. Baada ya hapo, na yeye alie. Aliitamani siku hiyo kama mtu mwenye kiu.

Basi likaja suala la gari.

Mutware alikuwa na jibu tayari. "Tunakodi gari ya Gasore. Iko mutu wetu, anajua njia, anatutoa Juru mpaka uwanja wa ndege, anaturudisha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Gasore alikuwa kijana wa kanisani mwao aliyehamia mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, akawa na gari la kukodisha. Gari zuri, jeupe, linanukia sabuni. Tatizo halikuwa gari. Tatizo lilikuwa Gasore mwenyewe, ambaye moyo wake uko karibu mno na macho. Ndiye aliyeuleta mwili kutoka hospitali, na alilia njia nzima mpaka watu wakahofia barabara. Mtu wa namna hiyo amwone Olga anatoka mlangoni na begi lake, atastahimili? Atamrukia shingoni na kusema pole kabla hajafungua buti.

Halafu kuna hili: gari la kukodi likitoka Juru kwenda kumpokea mtoto wa watu, linatoka tupu? Wapi! Dada wa kwaya wameshafua vitenge. Shemasi ameshaomba kiti cha dirishani kwa sababu ya kichefuchefu. Nyirabizimana jirani anasema yeye ni mwembamba, atakaa popote. Kantengwa akawatazama wote wale wanaompenda, akaona midomo tu. Kila mdomo una neno pole ndani yake, na linasukuma kutoka.

"Naenda mi peke," akasema. "Nitapanda basi mpaka Kampala, nifike uwanjani. Tukirudi, nitachukua teksi ya pale pale."

"Teksi ya mutu usiyemujua?" Mutware akashika kiuno. "Mutoto anatoka Kanada unamutia mu gari ya mutu wa njia?"

"Mutu wa njia hajui huzuni yetu. Asiyeijua ataisemaje?"

Mutware akatikisa kichwa, akaondoka kwa hasira.

Kantengwa akaenda. Kule Kampala alilala kwa Annonciata, muumini mwenzao, na asubuhi akafika Entebbe mapema kuliko ndege. Njia nzima ilikuwa imempita kama maji mtu akiwa ameloweka miguu. Mafunjo, vibanda vya matunda, mawingu yanayotembea sambamba na basi. Mara mbili aligeuka kumwonyesha Rwakabuba kitu nje ya dirisha. Mara mbili akamkuta abiria mwingine amelala mdomo wazi.

Nje ya uwanja aliwakagua madereva wa teksi kama mtu anayechagua mbuzi. Huyu anacheka sana. Huyu anamshika kila apitaye mkono. Mwishowe akamwona mzee mmoja, ameegemea gari lake kuukuu, hamsemeshi mtu. Akamsalimia. Mzee akajibu kwa kichwa. Akamuuliza kama atafika Mbarara na kuingia mpaka Nakivale. Mzee akajibu kwa kichwa. Lo! Kantengwa alimpenda papo hapo. Akamwambia angoje.

Kisha mlango wa kioo ukafunguka, na aliyetoka alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwendo wa Rwakabuba.

Walikumbatiana. Olga alinukia vitu vigeni, lakini shingoni, chini ya nywele, alinukia vilevile. Kantengwa angekaa pale mpaka wafungie uwanja. Lakini binti akainua kichwa, akaangaza kushoto na kulia.

"Baba yuko wapi?"

"Iko nyumbani. Safari ni ndefu." Sauti haikutetereka. Wiki tatu za mazoezi si mchezo.

"Ah, Mama! Na mimi nimemwandalia." Olga akamwelekeza kwa kidole kijana aliyesimama mbele yao, shati limepigwa pasi, kofia kichwani, ameshika kibao chenye jina OLGA. "Nimelipanga gari hili tangu Kanada, kwa kompyuta. Letu peke yetu, mpaka mlangoni. Nilitaka Baba akae mbele, kiti kirudishwe nyuma, anyooshe miguu yake kama waziri."

Kantengwa akamtazama yule mzee wake wa kichwa. Akamtazama kijana wa kibao. "Mi nimeshasema na ule muzee pale."

"Mama, yule humjui."

"Na huyu unamujua?"

"Nimesoma watu walivyomsifu. Hata picha yake ninayo."

Kantengwa akapima. Mzee hamjui Rwakabuba, kijana naye hamjui. Mgeni ni mgeni. Na mtoto aliyeandaa kitu tangu ng'ambo ya bahari humvunji moyo siku ya kwanza. Akaenda kumwomba radhi yule mzee, ambaye naye akajibu kwa kichwa, na wakafuatana na kijana.

Jina lake Katabazi, Munyankore wa upande wa Mbarara, mwenye adabu zote na Kiswahili cha barabarani. Akapanga mabegi, akafungua milango, kisha akasimama akitazama nyuma yao.

"Mimi naambiwa watu ni tatu," akasema. "Mzee iko wapi? Tungoje yeye?"

Hapo ndipo Kantengwa alipoona kosa lake, na aliliona lote kwa mara moja. Watu wa Juru wanajua, kwa hiyo wangejitahidi kunyamaza. Asiyejua ndiye anayeuliza!

"Mzee iko nyumbani," akasema.

"Sawa, nnyabo," akasema, kwa lile neno lao la kumwita mama kwa heshima. "Basi wewe kaa mbele."

"Hapana. Niko sawa huku na mutoto."

Kiti cha mbele kikabaki kitupu, kimerudishwa nyuma kabisa, na hivyo ndivyo walivyoondoka.

Katabazi alikuwa kijana mwema, nisimsingizie. Kwao, kumuulizia mzee wa watu ni heshima, usipomuulizia umewatukana. Basi akauliza. Mzee ana ng'ombe wangapi? Wana pembe ndefu? Mzee bado ana nguvu ya kuchunga? Na Olga akafurahi, akawa anageuzia maswali kwa mama yake: "Enhe, Mama, bado anachunga mwenyewe?" Mjini Lukaya walinunua gonja, zile ndizi za kuchoma, na nyama ya kuchoma dirishani, Olga akala kama aliyefungwa jela, mafuta yanamtiririka kidevuni. "Mzee anapenda nyama?" akauliza Katabazi. "Anapenda," akajibu Kantengwa.

Baada ya Masaka aliacha kusikia vizuri. Vilima vilikuja taratibu, vinafunguka na kujifunga, kichwa cha Olga kimemlalia begani, jua limejaa garini. Kantengwa aliona kisogo kwenye kile kiti cha mbele. Kisogo anachokijua, chenye mvi nyuma ya masikio. Kinageuka kidogo kila wanapopita ng'ombe. Alijua hakipo, na aliendelea kukitazama. Akaomba barabara isiishe. Tukae hivi hivi watatu, Bwana, hata kama tutazunguka nchi nzima na tusifike.

Lakini barabara haiombeki. Wakaingia Mbarara, na Olga akaamka.

"Simameni kidogo. Sijamnunulia Baba kitu cha hapa. Nimemletea koti, ila nataka kofia, zile za wazee wa ng'ombe."

"Eh, hiyo ndiyo maneno!" Katabazi akapinda kuelekea Kakoba. "Mzee wa ng'ombe bila kofia? Hapana. Mimi najua fasi ya kofia nzuri."

Ilikuwa meza ya kofia kando ya soko, bodaboda zikipita kiasi cha kukukanyaga vidole. Olga akachagua moja ya rangi ya kahawia, ukingo mpana. Muuzaji akauliza kichwa cha mzee kikoje, kikubwa au cha wastani.

"Sijui," Olga akacheka. "Nilimwacha nikiwa mtoto, kwangu kilikuwa kikubwa kama mlima. Mama, wewe unakijua."

Kantengwa akaipokea ile kofia. Akatia mkono ndani, na vidole vikajipanua vyenyewe, maana kichwa cha Rwakabuba alikijua kwa viganja. Pale hospitalini kilikuwa pajani pake mpaka mwisho, kizito, kina joto, kisha kizito tu. Kofia ilimtosha. Ilimtosha kabisa kabisa.

"Mzee atafurahi sana," Katabazi akasema, akitabasamu. "Lakini nnyabo, kwa nini hakukuja kupokea mtoto? Anaumwa?"

Olga akageuka, akiwa bado na kicheko usoni, akingoja jibu. Kicheko kikakaa kidogo, kisha kikaanza kuondoka chenyewe.

Kantengwa alikuwa na majibu. Amelala. Amechoka. Ameenda kunywesha ng'ombe. Yote yalikuwa hapo mdomoni, yamezoea njia. Lakini alikuwa ameshika kofia ya mtu, na mtoto wake alikuwa anataka kuilipia.

Akairudisha mezani taratibu. "Ingia mu gari, Olga."

"Mama?"

"Ingia ukae."

Akamketisha kiti cha nyuma, akakaa naye, akafunga mlango. Akamfuta kidevu kwa pindo la kitenge, palipobaki mafuta ya nyama. Basi kuketishwa ameketishwa. Kulishwa amelishwa. Nyumba tu ndiyo iliyokosekana, na nyumba ingekuja na watu wake wote na nyimbo zao.

"Mutoto wangu," akasema, "baba yako alitutangulia. Ni wiki tatu. Alikufa hapa hapa mujini, mi nikimushika kichwa. Hakuteseka mingi. Alikutaja."

Olga hakupiga kelele. Alitazama mbele, kwenye kile kiti. Kisha akajikunja mpaka magoti ya mama yake, mwanamke mzima wa Kanada, akalia kilio cha mtoto, na Kantengwa akampapasa mgongo. Katabazi alikuja, akaona, akasimama nje akijishika kichwa. "Bambi, nnyabo. Mimi nauliza uliza tu. Nisamehe." Kantengwa akamwashiria kwa mkono kwamba hana kosa, waendelee tu.

Wakatoka mjini, wakashika njia ya vumbi ya Isingiro. Muda mrefu baadaye Olga akainua uso uliovimba.

"Kila jioni uliniambia amelala."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nacheka na wewe kwenye simu. Mama, ulilia saa ngapi?"

"Sijalia."

"Hujalia?"

"Sauti yangu si unaijua. Ningelia, ungepiga simu ungeisikia. Nilikuwa naitunza."

Alitaka kulia hapo hapo, kwa nini asitake? Lakini machozi yalikuwa yamefundishwa utii na hayakuelewa kwamba amri imekwisha. Macho yake yalikuwa makavu, yanauma, na mashamba ya migomba yalipita nje kama yako upande wa pili wa maji. Olga akamshika mkono.

Juru walikuwa wamejipanga njiani. Kwaya imevaa vitenge, ngoma iko tayari, Mutware mbele na koti lake la Jumapili, uso ameukaza kwa kazi ya kudanganya mara ya mwisho mpaka mtoto ale. Gari liliposimama walianza wimbo wa kukaribisha, mikono juu. Olga akashuka. Walipouona uso wake, wimbo ukakatikia njiani. Mikono ikabaki hewani, haijui kama ipige makofi au ishike vichwa. Mutware akapiga hatua kumwelekea.

"Ninajua, Baba mudogo," Olga akasema. "Mama ameshaniambia. Muuache tu wimbo. Mulie."

Hakuna aliyelia. Wote wakamtazama Kantengwa, ambaye alikuwa anashuka upande wa pili, mguu mmoja chini, mmoja ndani. Hakuna awezaye kumtangulia mjane.

Olga akazunguka gari, akamfikia, akaushika uso wake kwa mikono miwili.

"Leo sipigi simu, Mama. Niko hapa."

Kantengwa akafungua mdomo kumjibu, na kilichotoka kikawafanya ng'ombe wa Rwakabuba wainue vichwa zizini. Kwaya nzima ikamfuata, na Mutware, na Nyirabizimana, na Katabazi mgeni wa watu aliyekuwa amevua kofia yake kando ya gari. Walilia mpaka jua likaingia, na hakuna hata mmoja aliyelia kwa sauti kumshinda yeye.